Maisha ya Maria Montessori, Mwalimu wa Watoto Wadogo

Katika nchi nyingi za dunia zipo shule za watoto wadogo ambamo viti ni vifupi, makabati ni ya chini, na kila mtoto hushika kazi yake kwa mikono yake mwenyewe, wala hapana mtu wa kumpigia kelele. Shule hizo huitwa kwa jina la mwanamke mmoja wa Italia, Maria Montessori. Jina lake wengi hulijua. Lakini si wengi wajuao ya kwamba mwanamke huyo, aliyewafundisha watu namna ya kumtazama mtoto, alikaa karibu miaka 15 bila kumlea mtoto wake mwenyewe. Habari za maisha yake ni hizi.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, mji mdogo karibu na Ancona, upande wa mashariki wa Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa amri na wa desturi za kale. Mama yake, Renilde, alipenda sana kusoma vitabu, jambo lililokuwa haba kwa wanawake wa miji midogo siku zile. Hawakuwa na mtoto mwingine. Maria alipokuwa na umri wa miaka 5 hivi, baba alihamishiwa Roma, na huko ndiko binti alikosoma.

Alipofika miaka 13 aliingia shule ya ufundi pamoja na wavulana, kwa kuwa alipenda hesabu. Baadaye akabadili nia, akataka kuwa daktari. Baba hakufurahi. Katika Italia ya siku zile udaktari ulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume, na binti wa nyumba njema alingojewa aolewe au awe mwalimu. Hata hivyo Maria hakurudi nyuma. Mwaka 1890 aliingia Chuo Kikuu cha Roma, akasoma kwanza elimu ya viumbe, kisha udaktari wenyewe.

Mateso ya chuo hayakuwa madogo. Wanafunzi wanaume walimcheka. Na kwa kuwa haikufaa mwanamke asimame pamoja na wanaume mbele ya maiti iliyo uchi, ilimbidi kujifunza kuipasua miili ya wafu peke yake, jioni, wenzake wakiisha kwenda zao. Walioandika maisha yake husimulia ya kwamba jioni moja alishindwa kabisa, akatoka akiwa amekusudia kuacha masomo. Njiani akamwona mwanamke mwombaji ameketi na mtoto wake, na mtoto yule alikuwa akichezea kipande cha karatasi yenye rangi. Mama alikuwa mwenye huzuni, lakini mtoto hakuiona njaa wala baridi. Moyo wake wote ulikuwa katika karatasi ile. Maria alisimama akamtazama. Kisha akageuka, akarudi kwa maiti zake. Hakuweza kueleza kwa nini.

Mwaka 1896 alipata shahada ya udaktari, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza wa Italia kuipata. Akaanza kutibu wagonjwa, na chuo kikampa pia kazi katika idara ya magonjwa ya akili. Kazi hiyo ilimpeleka katika hospitali za wenye wazimu, na huko aliwakuta watoto. Walikuwa wamefungiwa pamoja na watu wazima, kwa sababu akili zao zilikuwa nzito na shule haikuwataka. Katika nyumba moja, mwanamke aliyewalinda alisema kwa dharau ya kwamba watoto hao ni kama wanyama, maana wakiisha kula hujitupa chini kuokota makombo ya mkate. Maria akakitazama chumba chenyewe. Hakikuwa na kitu. Hapana kitu cha kuchezea, hapana kijiti, hapana hata jiwe. Akafahamu ya kwamba watoto wale hawakutafuta chakula. Walitafuta kitu cha kushika. Mikono yao ndiyo iliyokuwa na njaa.

Tangu siku hizo akaanza kusoma vitabu vya madaktari wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin, waliojaribu kabla yake kuwafundisha watoto wa namna hiyo kwa njia ya mikono, macho na masikio. Mwaka 1900 ikafunguliwa katika Roma shule ya kuwafundisha walimu wa watoto wenye akili nzito, na Maria akawekwa kuiongoza pamoja na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Alifanya kazi na watoto tangu asubuhi hata jioni, na usiku aliandika aliyoyaona. Baadhi ya watoto wale wakajifunza kusoma na kuandika, wakaenda kufanya mtihani pamoja na watoto wazima wa akili katika shule za serikali, wakafaulu. Watu walistaajabu, wakamsifu. Yeye alikuwa na fikira nyingine. Ikiwa watoto hawa wagonjwa wameweza kulingana na wale wazima, je, wale wazima wametendwa nini katika shule zao hata wakabaki chini namna hiyo?

Lakini moyoni alikuwa na jambo lililofichika. Yeye na Montesano walikuwa wamependana, na tarehe 31 Machi 1898 alikuwa amezaa mtoto mwanamume, Mario, bila ndoa. Mtoto alifichwa. Alipelekwa shambani, mbali kidogo na Roma, akalelewa na watu wengine. Kama jambo hilo lingejulikana, Maria angalipoteza kazi yake na heshima yake siku ile ile. Montesano, aliyekuwa mwanamume, asingalipoteza kitu kikubwa. Ndivyo ilivyokuwa hukumu ya watu. Kosa ni la wawili, mzigo ni wa mmoja. Mwaka 1901 Montesano akamwoa mwanamke mwingine. Maria akaiacha shule waliyoiongoza pamoja, wala hakuolewa kamwe na mtu yeyote.

Mara kwa mara alikwenda shambani kumtazama mwanawe. Mtoto alimwona mama mzuri akija na kuondoka, wala hakuambiwa ni nani. Mama apitiaye mlangoni pa mtoto wake kama mgeni, maumivu yake hayahitaji kuelezwa.

Akarudi chuoni, daktari mwenye umri wa miaka 31, akaketi tena katika viti vya wanafunzi. Alijifunza elimu ya roho na ya fikira, na mambo ya malezi, akazunguka katika shule za Roma akiwatazama watoto wamekaa katika madawati, hawawezi kugeuka wala kusimama. Tangu 1904 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Roma elimu ya mwili na maisha ya mtoto, jinsi anavyokua, na jinsi nyumba yake, chakula chake na umaskini wake unavyomgeuza. Alikuwa sasa mwalimu wa chuo kikuu, mwenye jina. Angaliweza kubaki hapo mpaka uzee wake.

Katika Roma ulikuwako mtaa wa maskini uitwao San Lorenzo. Hapo zilijengwa nyumba kubwa za ghorofa wakati fedha ilipokuwa nyingi. Fedha ikaisha, nyumba zikaachwa nusu bila milango wala maji, na maskini wakaingia humo. Kampuni moja ikazinunua, ikazitengeneza, ikaweka wapangaji wa kazi za mikono. Basi wazazi walipokwenda kazini, watoto wadogo wasiofikia umri wa shule walibaki wakikimbia ngazini na kuchafua kuta mpya. Wenye nyumba wakaona ni nafuu kuwakusanya watoto hao katika chumba kimoja kuliko kupaka kuta rangi kila mwezi. Wakamwomba Montessori awasimamie. Nia yao, kwa kusema kweli, haikuwa ya juu sana: waliwaza chokaa yao. Rafiki zake nao waliona ni aibu daktari na mwalimu wa chuo kikuu kushughulika na watoto wa mitaani. Yeye akakubali.

Tarehe 6 Januari 1907, siku kuu ya Epifania, nyumba ile ilifunguliwa katika njia ya Marsi, ikaitwa Nyumba ya Watoto. Wakaletwa watoto 50 hivi, wa miaka 3 mpaka 6. Walikuwa wakilia, waoga, nyuso zao bila furaha, kama watu ambao hakuna aliyepata kusema nao. Fedha ya kununulia madawati haikutolewa. Kwa hiyo Maria akaagiza meza nyepesi na viti vidogo ambavyo mtoto aweza kuvibeba mwenyewe, akaleta na vile vifaa alivyovitengeneza kwa ajili ya watoto wagonjwa. Aliyewekwa kukaa nao hakuwa mwalimu wa cheo, bali msichana wa nyumba zile zile. Maria hakumpa mafundisho mengi ya ualimu. Alimtaka awaonyeshe watoto vifaa, kisha awaache, na kumwarifu yale atakayoyaona.

Na kwa kweli yalikuwako mengi ya kuona. Siku moja Maria alimwona mtoto wa kike wa miaka 3 hivi akitia vipande vya mti vya mviringo katika matundu yake, kila kipande katika tundu la kipimo chake. Alipomaliza alivitoa vyote, akaanza tena. Maria akawaambia wengine waimbe na kutembea kumzunguka. Mtoto hakuinua macho. Akakinyanyua kiti pamoja na mtoto, akakiweka juu ya meza. Mtoto akakumbatia vipande vyake, akaendelea pale juu. Alirudia zaidi ya mara 40. Kisha akaacha mwenyewe, akatazama huku na huku akitabasamu, kama mtu aliyeamka katika usingizi mzuri. Watu husema mtoto mdogo hawezi kutulia. Huyu alitulia kuliko mtu mzima.

Siku nyingine msichana mlezi alichelewa, na tena alikuwa amesahau kufunga kabati kwa ufunguo. Alipofika akawakuta watoto wamelifungua, kila mmoja amechukua kifaa chake na anakitumia. Akataka kuwaadhibu kama wezi. Maria akaona jambo jingine. Hawakuiba, walijua wanachokitaka, na kila mmoja alichagua kile kilichomfaa. Tangu siku hiyo makabati yakawa ya chini na bila kufuli, na mtoto akafundishwa kurudisha kitu mahali pake.

Tena siku moja aliwafundisha namna ya kupenga kamasi kwa kitambaa, polepole, bila kelele. Alidhani watacheka. Walimtazama kimya mpaka mwisho, kisha wakampigia makofi kwa nguvu. Mwanzo hakufahamu sababu, kisha ikamjia. Watoto hao walikuwa wamegombezwa kila siku kwa ajili ya pua zao, na hakuna aliyepata kuwaonyesha namna ya kuzisafisha. Kila mzazi ajiulize ni mara ngapi amemwaibisha mtoto kwa jambo ambalo hakumfundisha.

Baadaye mama zao, ambao wengi hawakujua kusoma, walimwomba Maria awafundishe watoto kuandika. Akakata herufi za karatasi ya msasa, akazibandika juu ya ubao, ili mtoto azipapase kwa kidole huku akisikia sauti ya kila herufi. Miezi ikapita. Ndipo siku moja ya baridi yenye jua, walipokuwa juu ya paa, alimpa mtoto mmoja chaki amchoree dohani. Mtoto akachora, kisha akaanza kuandika maneno chini, akapiga kelele kwa furaha ya kwamba anaandika. Wengine wakamjia, wakaomba chaki, nao wakaandika. Walikuwa watoto wa miaka 4 na 5. Waliandika sakafuni, milangoni, hata nyumbani kwao juu ya mkate.

Maria hakuisahau jamaa ya mtoto. Katika sheria za Nyumba ile iliandikwa ya kwamba wazazi hawatalipa kitu, lakini watamleta mtoto akiwa safi, watamheshimu mlezi, na mama atakuja mara moja kwa juma kuzungumza naye habari za mwanawe. Mlezi mwenyewe aliishi katika jengo lile lile, karibu na wazazi. Maana mtoto hawezi kulelewa na shule upande mmoja na nyumba yake upande mwingine, kila mmoja akivuta kwake. Na sheria nyingine, ambayo Maria aliirudia maisha yake yote, ilikuwa kutomfanyia mtoto kazi ambayo aweza kuifanya mwenyewe, hata kama inachukua muda. Mtoto anayevalishwa, anayelishwa na kunawishwa kila siku na mtu mwingine, hafanyiwi wema kama mama anavyodhani.

Habari zikaenea upesi. Wageni walikuja kutoka nchi za mbali kuitazama Nyumba ya maskini. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1909, kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Akaacha udaktari na kazi ya chuo kikuu, akajitoa kabisa kuwafundisha walimu. Hakuwa na mshahara tena, bali malipo ya masomo na ya vitabu tu.

Mwezi wa Desemba 1912 mama yake, Renilde, alifariki. Mwaka 1913 Maria akamchukua Mario. Husimuliwa ya kwamba alikwenda kumtazama mahali aliposoma, na kijana, mwenye miaka 15 sasa, akamjia akamwambia anajua kuwa yeye ndiye mama yake, akataka kwenda naye. Wakaondoka pamoja. Hawakuachana tena, ila pale walipotengwa kwa nguvu. Lakini mbele ya watu Maria alimwita mpwa wake, au mtoto aliyempanga. Dunia haikuwa tayari, au labda yeye mwenyewe hakuwa tayari.

Mwaka 1915 walikwenda Amerika, ambako katika maonyesho makubwa ya San Francisco watoto walifanya kazi ndani ya chumba cha kuta za kioo, na watu wakasimama nje kuwatazama. Kisha wakakaa Barcelona, katika Hispania. Huko Maria, aliyekuwa Mkatoliki, alifanya jambo ambalo wakatekumeni watapenda kulijua. Alitengeneza kanisa dogo la watoto, lenye viti na vyombo vya kimo chao, ili waijue Misa Takatifu kwa kuigusa na kuitenda, si kwa kukariri maneno tu. Watoto wakalima shamba. Walipanda ngano na mizabibu, wakavuna, wakafahamu kwa jasho lao mkate na divai ya altare vinatoka wapi. Juu ya mambo hayo aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1922. Wako Wakatoliki waliomwogopa, wakidhani ya kuwa anayempa mtoto uhuru anasahau dhambi ya asili. Yeye alijibu kwa kazi yake. Uhuru wa mtoto katika nyumba yake haukuwa wa kutenda lolote, ulikuwa wa kutenda lililo jema mwenyewe.

Hapaswi kusifiwa kwa kila jambo. Tangu 1924 alikubali msaada wa Mussolini, mtawala wa Italia, kwa kuwa alizipa shule zake fedha na majengo. Alidhani aweza kupokea fedha ya mtawala bila kumpa mtawala watoto. Haikuwa hivyo. Mussolini alitaka watoto wavae nguo za chama na kusalimu kama askari, naye Montessori akakataa. Mwaka 1934 shule zake katika Italia zilifungwa. Katika Ujerumani zilikuwa zimekwisha kufungwa na watu wa Hitler. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka katika Hispania, alitoka Barcelona kwa meli ya Waingereza, mwanamke wa miaka 65 asiye na nchi, akakaribishwa Uholanzi.

Mwisho wa mwaka 1939 yeye na Mario walikwenda Bara Hindi kufundisha walimu kwa miezi michache. Wajukuu wake wanne, watoto wa Mario, walibaki Uholanzi. Lakini mwezi wa Juni 1940 Italia ikaingia vitani upande wa Ujerumani, na Waingereza waliotawala Bara Hindi wakawahesabu Waitalia wote kuwa adui. Mario akatiwa kambini. Mama akaachwa Madras, hana ruhusa ya kutoka mahali alipokaa. Kwa mara ya pili katika maisha yake alikuwa ametenganishwa na mwanawe.

Tarehe 31 Agosti 1940 alitimiza miaka 70. Siku hiyo ilimfikia simu kutoka kwa mtawala mkuu wa Waingereza. Ilimweleza ya kwamba wamefikiri sana juu ya zawadi ya kumpa, wakaona hakuna iliyo bora kuliko kumrudishia mwana wake. Si mpwa, wala si mtoto wa kupanga. Neno ambalo yeye mwenyewe hakulitamka hadharani kwa miaka 42, watu wa serikali ya kigeni walikuwa wameliandika katika simu. Mario akafunguliwa, akarudi.

Vita viliwazuia katika Bara Hindi mpaka 1946. Humo wakafundisha pamoja walimu zaidi ya 1000, mama akisema Kiitalia na mwana akitafsiri kwa Kiingereza. Ndipo wakarudi Uholanzi, wakawakuta wajukuu wamekuwa wakubwa. Hakupumzika. Alisafiri tena, akasema mbele ya mikutano ya mataifa ya kwamba amani haitengenezwi na watawala peke yao kama watoto hawajalelewa kwa amani. Mara tatu, mwaka 1949, 1950 na 1951, jina lake lilipelekwa kwa ajili ya zawadi ya Nobel ya amani, hakuipata.

Tarehe 6 Mei 1952 alikuwa Noordwijk aan Zee, kijiji cha pwani ya Uholanzi, ameketi na Mario karibu na dirisha. Walikuwa wakizungumza juu ya safari ya Afrika, kwenda nchi ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, kwa kuwa huko walitakiwa walimu wa watoto. Mario alimwambia amechoka, hafai kusafiri mbali namna ile. Mama mwenye miaka 81 hakukubali kwamba hafai. Mario akatoka chumbani kidogo, na aliporudi akamkuta amefariki. Akazikwa hapo hapo Noordwijk, katika makaburi ya Wakatoliki. Magazeti yaliyotangaza kifo chake yalimwita Mario mtoto wa kupanga. Wasia wake ulipofunguliwa, vyote alivyokuwa navyo alikuwa amemwachia Mario, na humo, kwa kalamu yake, alikuwa amemwita mwanangu.